DOP ya pipa: tathmini kwa wanaotengeneza PVC laini Mwanza

Kwa mpira wa kumwagilia bustani, ala za nyaya za umeme na turubai, DOP safi, yaani mafuta ya kulainishia plastiki ya PVC, bado inastahili nyota nne kati ya tano. Kwa buti za wachakataji wa samaki inapata mbili. Kwa kiatu cha mtoto, mwanasesere au kitu chochote kinachogusa chakula chenye mafuta, haipati hata moja, na anayekuuzia kwa kazi hiyo huku akijua anakutafutia kesi.

Inayopimwa hapa ni ile DOP inayouzwa kwa pipa la chuma la kilo 200, pamoja na ile inayomiminwa upya kwenye madumu ya lita 20. Anayelengwa ni mwenye mashine ndogo ya kutolea mipira au ya kumwagia viatu, awe Nyakato, Igoma au Buhongwa, anayenunua unga wa PVC kwa mifuko ya kilo 25 na kuchanganya mwenyewe.

Kwenye karatasi nyingine utaiona imeandikwa DEHP. Ni kitu kilekile, dai-2-ethilheksili thaleti, na namba yake ya CAS (utambulisho wa kimataifa wa kila kemikali) ni 117-81-7. Usipoikuta namba hiyo kwenye karatasi ya muuzaji, hujanunua DOP, umenunua ahadi. Yenyewe ni kimiminika kisicho na rangi, kizito kidogo kuliko mafuta ya alizeti, chenye harufu hafifu mno. Huchemka karibu nyuzi 385, haigandi mpaka karibu nyuzi 50 chini ya sifuri, na mvuke wake haushiki moto kabla mafuta hayajavuka nyuzi 200. Haichanganyiki na maji.

PVC bila kilainishi ni ile ya bomba gumu la maji taka: inaanza kulegea ikifika karibu nyuzi 80. Molekuli za DOP zinajipenyeza kati ya minyororo ya PVC na kuiachanisha, basi minyororo inateleza hata kwenye joto la kawaida na plastiki inakunjika. Lakini hakuna kifungo cha kikemia kinachoyashika mafuta hayo humo ndani. Yamekaa tu. Yakikutana na kitu kinachoyavuta kuliko PVC inavyoyashika, yanahama: petroli, mafuta ya samaki, rangi ya vanishi, joto la muda mrefu. Ndiyo maana swali la kujiuliza kabla ya kununua DOP ni bidhaa yako itaishi wapi na itagusana na nini.

Tuanze na kazi yake kwenye mashine, kwa sababu hapo ndipo inapojitetea vizuri zaidi. Mchanganyiko wa kawaida wa mpira wa kumwagilia kwa mfuko mmoja wa unga wa kilo 25, daraja la K-67 (K ni kipimo cha urefu wa minyororo ya PVC), ni DOP kilo 12.5, kiimarishi cha kalsiamu na zinki (kinachozuia PVC isiungue kwenye joto) gramu 600 hadi 750, mafuta ya soya yaliyoepoksishwa kama kilo moja, chaki laini kilo 2.5 hadi 5, na asidi ya steariki gramu 50 hadi 100. Mpira utakaolala juani ufukweni mwa ziwa mwaka mzima uongezewe masizi meusi gramu 250 hadi 500. DOP ipimwe kwa mizani, isipimwe kwa ndoo. Lita 12.5 za DOP ni kilo 12.25 hivi, na tofauti hiyo ikichanganywa na ndoo isiyojaa sawasawa inakupa mpira mgumu leo na laini kesho.

Ugumu unafuata kiasi cha mafuta. Sehemu 50 kwa kila 100 za unga hukupa plastiki ya karibu 80 hadi 85 kwenye kipimo cha Shore A, ambacho ni kiasi cha mpira wa bustani unaosimama bila kujikunja. Ukifika sehemu 70 unashuka karibu na 70, na hapo ndipo buti na viatu vya plastiki vinapoanza kuwa vya kuvalika. Kwa ala za waya watu hukaa kati ya sehemu 40 na 50. Kupita sehemu 80 inawezekana, ila chaki ikipungua na joto likizidi utaiona plastiki inatoa mafuta juu na kunata vumbi.

Utaratibu wa kuchanganya ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko ubora wa mafuta. Unga na kiimarishi huingia kwanza kwenye mikisa ya kasi mpaka joto lifike nyuzi 60 au 70. Kisha mafuta yanamiminwa polepole, na yakiwa yamepashwa moto kidogo ni bora zaidi, kwa sababu yanakuwa mepesi na punje za unga zinayanywa upesi. Endelea mpaka nyuzi 110 hadi 120, mchanganyiko uonekane mkavu na uteleze kama mchanga. Ndipo chaki iingie. Wengi wanaiweka chaki mwanzoni pamoja na unga, na chaki nayo inanywa mafuta: unabaki na punje za PVC zenye kiu, zinazokuja kuonekana baadaye kama vidonge vidogo vinavyong'aa kwenye ukuta wa mpira. Vidonge hivyo ndipo mpira unapopasukia ukiwekewa pampu. Sababu nyingine ya vidonge ni kuchanganya unga wa mifuko ya viwanda viwili tofauti ndani ya kundi moja, maana punje zake hazinywi kwa kasi moja. Mchanganyiko upoe chini ya nyuzi 45 kabla ya kufungiwa kwenye mifuko, vinginevyo utaganda mabonge.

Asiye na mikisa ya kasi anaweza kutumia ya mikono ya utepe, mradi mafuta yapashwe mpaka nyuzi 70 au 80 na muda uongezwe. Usipashe pipa zima kwa moto wa mkaa chini yake. Sehemu ya chini inaungua wakati ya juu bado ni baridi.

Kwenye ekstruda, yaani mashine ya kutolea mipira, DOP ni rahisi. Anza nyuzi 140 nyuma, panda taratibu mpaka 165, na domo la kutolea liwe karibu 170. Inayeyusha unga upesi kuliko vilainishi mbadala vya DINP na DOTP, kwa hiyo mashine ya zamani yenye skrubu fupi itaipenda. Moshi mweupe unaouona juu ya domo si mvuke wa maji. Ni matone madogo ya DOP yaliyopaa na kupoa. Moshi ukiwa mwingi kwenye joto hilo, shuku kwamba ndani ya mafuta yako kuna DBP, kilainishi kingine cha thaleti ambacho molekuli yake ni nyepesi zaidi (uzito wa molekuli 278, dhidi ya 390 za DOP) na huchemka karibu nyuzi 340. Bidhaa yenye DBP nyingi inatoka laini na nzuri sokoni, kisha inakauka na kupasuka kwenye mikunjo muda mfupi baadaye.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, tatizo si DOP bali PVC iliyobaki ndani ya silinda ya moto: inaanza kuungua, inatoa gesi ya asidi ya haidrokloriki inayochoma macho na kula chuma cha skrubu. Fungua domo, toa kinachotoka, na umeme ukirudi sukuma nje mabaki kwa plastiki ya polietilini kabla ya kuendelea. Ikitoka nyeusi yenye harufu kali, fungua milango na watu watoke kwanza. Mwenye jenereta ndogo ya kuzungusha skrubu peke yake, hita zikiwa zimezimwa, ameokoa silinda yake.

Sasa suala la madumu. Pipa lenye muhuri wa kiwanda lina karatasi ya vipimo: usafi usiopungua asilimia 99.5, asidi isiyozidi kiasi kidogo sana, maji yasiyozidi asilimia 0.1. Dumu la lita 20 lililomiminwa upya halina chochote isipokuwa kauli ya muuzaji. Kinachoongezwa humo mara nyingi ni parafini iliyotiwa klorini, ambayo ni nafuu na inafanana na DOP kwa macho, au mafuta ya mitambo mepesi. Majaribio matatu yanawezekana bila maabara.

La kwanza ni mizani. Chukua chupa ya kioo yenye alama ya lita moja, ipime tupu, ipime na maji safi mpaka kwenye alama, ikaushe kabisa, kisha ipime na DOP mpaka alama ileile, vyote vikiwa kwenye joto moja la chumba. DOP inapaswa kuwa nyepesi kuliko maji kwa gramu 15 hadi 20. Ikiwa nzito kuliko maji, kuna kitu ndani. Parafini yenye klorini asilimia 52 ina uzito wa karibu gramu 1,250 kwa lita, hivyo sehemu moja ya tano tu inatosha kulipeleka dumu hadi gramu 1,030. DBP nayo inaongeza uzito. Ikiwa nyepesi mno, fikiria mafuta ya mitambo. Mjanja anaweza kuchanganya kizito na chepesi mpaka uzito ulingane, na kwa huyo kuna jaribio la pili.

Chukua waya wa shaba, uchome kwenye mwali wa gesi mpaka usitoe rangi yoyote, uache upoe, uchovye kwenye mafuta, uurudishe motoni. Mwali wa kijani kibichi maana yake kuna klorini, na DOP haina hata chembe moja ya klorini. Fanyia nje, kwa tone moja, na hakikisha waya haujagusa vumbi la unga wa PVC, maana PVC yenyewe ina klorini na itakudanganya. Jaribio la tatu ni la maji: tone kwenye bati lenye joto la nyuzi 120 hivi. Likipasukapasuka, mafuta yana maji, na mpira wako utatoka na mapovu.

Parafini hiyo si haramu kwa kila kazi. Wapo wanaoitia kwa makusudi kwenye ala za waya, kwa sababu inapunguza kuwaka na gharama. Ubaya ni kuuziwa bila kujua: kiimarishi chako hakitatosha, plastiki itageuka manjano kwenye mashine na kutoa mafuta juu baadaye. Isitoshe, aina zenye minyororo mifupi zimeingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza, tangu 2017 na zile za minyororo ya kati zikafuata 2025, kwa hiyo kuikuta kwenye dumu lisilo na jina ni kubeba mzigo wa mtu mwingine.

Turudi kwenye bidhaa na mahali zinapoishi. Mpira wa DOP wa kuvuta maji ya ziwa kwenda kwenye nyanya na vitunguu hauna shida, kwa kuwa maji yanakivuta kilainishi kidogo mno. Ila usiuuze kama bomba la maji ya kunywa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa DEHP kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 8 kwa lita, na maji yaliyolala usiku kucha kwenye mpira mpya uliopigwa jua si ya kumpa mtu. Kwa kazi hiyo kuna bomba la polietilini, ambalo halihitaji kilainishi kabisa.

Mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule unaofungwa kwenye tangi la petroli la injini ya boti, ndio mfano mbaya kuliko yote. Petroli inaingia, inaivuta DOP na kutoka nayo. Siku za mwanzo mpira unavimba na kulegea. Ukikauka unakuwa mgumu kama mfupa, unapasuka kwenye kiungo, na petroli inadondoka karibu na injini ya moto katikati ya maji. Hakuna kiasi cha DOP, wala DOTP, kitakachotibu hilo. Mpira wa mafuta uwe wa naitraili (mpira wa sanisi unaohimili mafuta), basi.

Buti nyeupe na aprini za Mwaloni Kirumba na za viwanda vya minofu ya sangara ni kesi ya kati. Sangara ana mafuta mengi, na mafuta ya wanyama yanaivuta DOP polepole. Dalili yake ni buti inayokakamaa kwenye kifundo cha mguu na kupasuka palepale inapokunjika, huku kisigino kikiwa bado kizuri. Kuosha kwa maji moto na sabuni kila zamu kunasaidia, kwa kuwa kunaondoa mafuta kabla hayajafanya kazi. Dawa yenyewe ni kubadilisha mchanganyiko: PVC iliyochanganywa na mpira wa naitraili, au kilainishi cha aina ya poliesta chenye molekuli ndefu zisizohama kirahisi. Hicho ni kizito sana, kinahitaji kupashwa moto kabla ya kumiminwa, na ni ghali. Kwa mtengenezaji mdogo, kuchukua nusu yake na nusu DOTP ni maelewano ya kuridhisha. Aprini na mikeka inayogusa minofu yenyewe isitengenezwe kwa DOP hata kidogo: Ulaya, ambako sehemu kubwa ya minofu ya sangara huuzwa, hairuhusu DEHP kwenye vifaa vinavyogusa chakula chenye mafuta.

Jambo dogo la nyumbani: kitambaa cha meza cha PVC au waya vikikaa muda mrefu juu ya meza yenye vanishi au redio ya plastiki ya polistireni vinaacha alama iliyolika. Ni DOP imehama. Mteja akirudi na malalamiko hayo, hana makosa.

Kuhusu afya, DOP haidhuru kwa ghafla. Panya wa maabara humeza kiasi kikubwa mno kabla ya kufa. Hatari yake ni ya mazoea. Kwa wanyama wa maabara imeharibu korodani na ukuaji wa viungo vya uzazi vya watoto wa kiume walioguswa wakiwa tumboni, na kwa sababu hiyo Ulaya imeiweka kwenye daraja la 1B la vitu vinavyodhuru uzazi. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, ameiweka kundi 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Marekani tangu sheria ya 2008, na Ulaya vilevile, hawaruhusu zaidi ya asilimia 0.1 kwenye vitu vya kuchezea watoto. Linganisha na kiatu chenye sehemu 60 kwa 100 za unga: humo DOP ni zaidi ya asilimia 30 ya uzito wote.

Habari njema ni kwamba mwili huitoa kwa mkojo, sehemu kubwa ndani ya siku moja au mbili. Habari mbaya ni kwamba fundi anayekaa juu ya domo kila siku anaijaza upya kila siku. Marekani huweka kikomo cha miligramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya kazini. Huwezi kuipima kwa macho, ila moshi unaoonekana ni dalili tosha kwamba feni ya kuvuta juu ya domo inahitajika, si feni ya kupuliza inayousambaza karakana nzima. Mjamzito asifanye kazi ya kuchanganya wala ya tanuri. Glovu ziwe za naitraili. Glovu za PVC zenyewe zina kilainishi, na za mpira wa kawaida zinavimba. Maski ya kitambaa haizuii matone hayo.

Ikimwagika, sakafu ya saruji inateleza vibaya kwa muda mrefu. Mwaga maranda ya mbao au mchanga, acha yanywe, zoa, weka kwenye mfuko, kisha osha na sabuni na maji kidogo yaliyozuiwa. Usiyasukumie mtaroni. Mitaro ya katikati ya jiji inaishia Mto Mirongo na mto unaishia ziwani, ambako DOP hushikamana na tope la chini. Ikishika moto usitumie maji ya mpira. Tumia povu, unga mkavu au mchanga.

Sasa mbadala. DOTP, namba ya CAS 6422-86-2, ina fomula ileile ya atomi lakini imepangwa tofauti, na haijawekwa kwenye daraja la madhara ya uzazi. Ili upate ulaini ule ule zidisha kwa 1.03: badala ya kilo 12.5 weka 12.9. Inayeyusha unga polepole kidogo, hivyo ongeza nyuzi tano au punguza kasi ya skrubu. DINP, CAS 28553-12-0, zidisha kwa 1.06, yaani kilo 13.25. Haipai sana, ni nzuri kwa ala za waya zinazopata joto, ila kwa vitu vya watoto vinavyotiwa mdomoni nayo imewekewa mipaka Ulaya. Unapolinganisha bei, linganisha gharama ya mfuko mmoja wa unga baada ya kuzidisha hivyo, usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Tofauti kati ya DOP na DOTP ikiwa ndogo, chukua DOTP kwa kila kitu, na uachane na usumbufu wa kuwa na mapipa mawili yanayofanana ghalani ambayo siku moja yatabadilishana.

Kuhusu wauzaji, mwenye kuuza kihalali amesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003, na mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Omba cheti chake, karatasi ya usalama, na karatasi ya vipimo yenye namba ya kundi inayolingana na iliyogongwa kwenye pipa. Angalia pia alama ya kifua cha mtu chenye nyota, ambayo pipa halisi la DEHP hubeba. Pipa lililobanduliwa lebo lirudi lilikotoka.

Pipa tupu nalo lina soko lake, na hapo nyota inapungua. Hubaki na nusu lita hadi lita nzima ukutani, maji baridi hayaitoi, na watu wanalinunua kwa kuhifadhia maji au kufanyia boya la vizimba vya samaki. Lisimamishe kichwa chini lichuruzike siku nzima, litoboe tundu kubwa pande mbili, ndipo uliuze kwa wa vyuma chakavu. Anayetaka kulikata kwa gesi aambiwe kabla hajawasha kwamba mabaki yakipata moto wa kukatia yanatoa mvuke unaolipuka, hata kama mafuta yenyewe hayashiki kiberiti.